Mataa ya Gari ya Mama

Jumamosi, jioni. Mvua ya asubuhi imelaza vumbi jeusi la mtaa wetu wa Keshero na hewa ni safi. Ila mimi sijatulia.

Leo gari ya mama imeondoka nyumbani.

Kabla haijaondoka nilitaka ipendeze. Bodi yake bado ni nzima, lakini mataa ya mbele yalikuwa ya njano, yamejaa ukungu. Vumbi letu la volkano hukwangua plastiki kama msasa. Miaka yote mama alipokuwa akipanda mlimani Kibumba kuchukua kabichi na viazi, lilikuwa likiyala polepole.

Wakati wa likizo nilipanda naye. Nilikaa mbele, kabichi zikinibana miguu. Wanawake wa sokoni walimwita Mama Shofere. Wanaume walisimama kando ya barabara kumtazama mwanamke aliyejifunga kitenge akibadilisha gia mlimani. Mama hakuwajali. Aliimba nyimbo za misa; akifika kwenye kona anakatisha, anapiga honi, kisha anaendelea pale pale alipoachia.

Sijui kwa nini leo nimeyakumbuka yote kwa pamoja.

Nilizungushia mataa utepe wa gundi nisije nikakwaruza rangi, nikalowesha msasa, nikaanza kusugua. Maji yalitoka ya njano, mazito kama maziwa. Shida ni kwamba mwanzoni taa haing'ai. Inakuwa nyeupe kabisa, kama imeharibika. Ndipo mama akatoka na fimbo yake.

"Kambale! Umeua taa yangu!"

"Hapana, mama. Inaanzaka hivi. Ngojea kidogo."

Kungoja hajui. Alivuta kiti mbele ya taa ya pili, akanyoosha mkono. "Leta na miye."

Tukasugua wote wawili, mimi huku, yeye kule. Tukachukua msasa laini, kisha laini zaidi, kisha dawa ya kung'arisha kwa kitambaa. Taa ikafunguka. Ukungu ulipoisha niliona mpaka waya wa balbu, na mama akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu magoti yalipomkataza kuendesha.

Upande wa kulia vilibaki vitobo vidogo, alama za mawe. Nikachukua tena msasa mkali.

"Wacha hiyo," mama akasema. "Ni ile kamyo kubwa ya mizigo iliyokuwa mbele yetu pale Kanyaruchinya, ikaturushia mawe. Ulilia sana, ukafikiri tunapigwa masasi ya bunduki. Nikakupa ndizi, ukanyamaza."

Kamyo siikumbuki, wala mawe. Ndizi naikumbuka.

Nikaweka msasa chini, nikapaka verni ya kulinda plastiki.

Hapa lazima niseme ukweli. Niliyasafisha mataa yale nikitumaini mama akiyaona atabadilisha mawazo. Yeye ndiye aliyeamua gari iende kwa Masika, binti wa jirani, anayebeba samaki kutoka Kituku, ziwani, mpaka masoko ya mjini. Mimi nilikubali kwa mdomo tu.

Verni ilipokauka, nikajaribu.

"Mama, tunaweza kuibakisha."

"Ibakie kufanya nini? Kuku zilale ndani?"

Nikabandua utepe wa gundi.

Masika alikuja baada ya chakula, amevaa vizuri kama anakwenda kanisani. Mama hakunipa funguo nimkabidhi. Alimpa yeye mwenyewe, akashika mkono wa yule binti pamoja na funguo.

"Ukishuka mulima, usikanyage frein muda wote, breki zitaungua. Shusha gia. Na mwanaume akikucheka njiani, usimwangalie."

"Ndiyo, mama."

Masika akawasha mataa mchana kweupe, ili mama ayaone. Yaliwaka meupe kwenye ukuta wetu wa mawe. Kisha akapita langoni, akakata kushoto, na mlio wa injini ukapotea.

Mama alipiga makofi mara moja, akarudi ndani kutwanga majani ya sombe.

Nilibaki langoni mpaka jirani akauliza kama namngoja mtu.

Nilidhani leo ningekuwa na kazi ya kumfariji mama. Yeye amelala mapema, amechoka vizuri. Nimekaa nikijaribu kuandika habari zake za barabarani, na nimekwama kwenye mstari wa kwanza kabisa: sijui nani alimfundisha kuendesha. Najua alivyoendesha, siyo alivyoanza. Miaka yote nilikaa pembeni yake na sikuwahi kuuliza.

Kesho tukitoka misa, nitamuuliza.