Makofi Siyo Ndiyo

Masika mujukuu wangu,

Huku Karambi tuko wazima. Kaburi ya babu yako nimepalilia. Unauliza wageni wa maendeleo wafanye nini ndiyo watu wa kijiji waseme ukweli.

Nilikuwa msichana, kibarua wa kuchimba mitaro. Wageni wakatuonyesha pa kupitisha bomba ya maji, chini kando ya mto. Tukapiga makofi. Wakaandika tumekubali. Nikasimama.

"Makofi ni ya kusema karibu kwa wageni, siyo ya kusema ndiyo! Huko mto itabeba bomba."

Mwenyekiti wa kijiji akafoka, "Kaa, wewe wa jembe!"

Nikamujibu, "Basi utachimba wewe."

Watu wakacheka. Mgeni mumoja akafuta alichoandika, akaniambia, "Tuonyeshe." Nikawapeleka juu, kwenye mwamba, na bomba tukaipitisha huko.

Mvua ilikuja, mto ikabeba ukingo yote. Bomba yetu ikabaki inatoa maji!

Nyanya yako