Maua ya Kwenye Ndoo

Shoga, upo?

Si unajua leo ni zamu yangu kupamba kanisa kwa ajili ya Epifania? Nimekuta ndoo ya maua meupe kwenye chumba cha sakristia, nikajua ni yetu. Nimeyakata vikonyo, nikayapanga yote kulizunguka pango la Mtoto Yesu. Naimba kabisa, mwanangu mgongoni.

Akaingia baba mmoja. "Mama, maua ya mwanangu yako wapi?"

Ya mwanawe! Yalikuwa ya jeneza, shoga. Kitoto chake kinazikwa jioni hii. Na mimi nimeshayakata mafupi, shada halifungiki tena.

Nimepiga magoti. Nikasema nisamehe baba, sikujua. Heri angenitukana! Ameyatazama tu yale maua. Halafu akasema, "Umeyapanga vizuri. Njoo uyapange hivyohivyo kwa mwanangu."

Hivyohivyo, shoga. Kumzunguka.

Nimekubali, ningekataaje? Ila siwezi kusimama mbele ya mkewe na huyu wangu mgongoni anachekacheka. Acha chochote unachofanya, njoo unishikie mtoto. Nipo hapa mlangoni pa kanisa.