Bibi, Wageni wa Kichwani Wamepewa Jembe

Kibaoni, Jumapili mchana. Mwezi wa sita umeanza juzi.

Bibi yangu,

Huu ni mwezi wa nane tangu niondoke Kasekese, na wa tatu tangu uondoke wewe. Mimi niliaga kwanza, wewe ukanipita njiani.

Nakuandikia nimekaa juu ya magunia ya pumba nyuma ya mashine ya mpunga. Shingo inauma, mabega yamechubuka, lakini nacheka peke yangu. Jofrey, mwenzangu wa kubeba magunia, ameniuliza kama nimeokota kitu. Nimemwambia ndiyo, nimeokota kichwa.

Sikia. Leo nimeingia kanisani. Siyo kusimama mlangoni, nimeingia! Benchi la tatu kutoka mbele, bila kofia, nimevaa shati jeusi. Shati jeusi, Bibi! Wewe peke yako ndiyo unajua hilo lina maana gani. Tangu nipate akili nimevaa nyeupe, kaki na rangi ya vumbi, ili mba ikianguka mabegani isionekane. Na juu nikafunika ile kofia ya sufu, jua liwake mvua inyeshe. Kanisani mwanaume havai kofia, kwa hiyo miaka yote nilisimama nje na kina mama wenye watoto wanaolia, najifanya napokea simu. Leo baada ya ibada nimekwenda nyuma ya choo, nimevua shati, nimeliangalia mabegani kwenye jua. Punje mbili. Mbili tu, na moja nadhani ilikuwa pumba.

Ngoja nikueleze kwa nini nilitaka hivi kabla mavuno hayajaisha, maana sijui kama huko habari zinafika.

Ulipofariki mvua ilikuwa imekata barabara. Magari yalikaa siku nne upande huu, nami nikakaa nayo. Walikuzika bila mimi. Shangazi Veronika akanipigia simu, sauti imekauka kwa kulia, akaniambia ukoo wote umeshanyolewa, umebaki wembe mmoja, nao ameuweka kwenye kopo la majani ya chai. "Huo ni wako. Msiba haufungwi wakati kuna kichwa kimoja bado kina nywele. Tukishavuna, uje." Kisha akaongeza: "Na atakayekunyoa ni Masanja. Ameshaanza kunoa mdomo."

Masanja mtani wetu! Unakumbuka msiba wa Babu? Nilikuwa darasa la sita. Masanja alinikalisha kwenye kigoda katikati ya watu wote, akapitisha wembe mara moja, akausimamisha juu. "Jamani wafiwa, nani kasema mna njaa? Kwenye kichwa hiki kuna unga wa ugali wa siku mbili! Leteni sufuria!" Watu waliokuwa wanalia wakacheka mpaka wakashikana. Ndiyo kazi ya mtani, sikatai, Babu mwenyewe angecheka. Lakini mimi nilikimbilia kwenye mihogo nikiwa nimenyolewa nusu kichwa. Na wewe mfiwa mkuu, uliyetakiwa kukaa kimya kwenye mkeka, ukapaza sauti: "Masanja, mwache mume wangu! Huo unga ni mahari yangu!" Wakacheka zaidi. Ulidhani umenitetea.

Kofia ilianza wiki ile ile.

Na Jumamosi zetu zikaanza hapo. Mchana, chini ya upenu, kichwa changu kwenye magoti yako, kanga yako inanuka moshi. Ulikuwa unanisalimia mimi, halafu unavisalimia vile vitu vyeupe. "Wageni wako wameamkaje leo, mume wangu?" Nami najibu, "Wamejaa, Bibi, wengine wamelala nje." Unachukua kitana, unawakwangua, unapasha mawese kwenye kifuniko cha sufuria, unayapaka mpaka yanatiririka masikioni. Ulisema ngozi imekauka kama ardhi ya mwezi wa kumi, inataka mafuta. Kola ya shati langu la shule ikawa ya rangi ya chungwa. Mwalimu akauliza kama kwetu tunakaangia kichwani. Siku mbili kichwa kinang'aa, siku ya tatu wageni wamerudi na ndugu zao.

Mimi nimeendelea na mawese huku Kibaoni. Kila Jumamosi, mwenyewe, kwenye kifuniko, kwa sababu ndivyo ulivyofanya. Uliponitoka mba ikawa mbaya kuliko siku zote. Jasho, vumbi la mashine, kofia haivuliwi, na usingizi sina. Nilijikuna mpaka kucha zikatoka na damu. Na nilikuwa naiona siku ya wembe. Siyo aibu yangu tu, Bibi. Niliogopa kwamba kwenye msiba wako, mahali ambapo nilitakiwa nikulilie nimalize, ningekimbilia tena kwenye mihogo, mtu mzima mwenye ndevu, na wewe haupo wa kuniita nirudi.

Basi nikaanza kuhangaika. Jofrey akaniambia ndimu na chumvi, halafu nikae juani. Nilikaa. Kile kichwa kilichokwanguliwa, Bibi, nilicheza ngoma ambayo kabila lake halijulikani. Akasema mafuta ya taa. Nilipaka mara moja, nikashinda siku nzima naogopa kusogelea jiko la mama ntilie, nikala chakula changu nimesimama mbali kama mbuzi mwizi. Nikajaribu sabuni ya unga ya kufulia. Ngozi ikavutika mpaka nikashindwa kufunga macho vizuri, na wageni hawakuhama.

Mwisho nikaamua kwenda duka la dawa. Hapa ndipo utacheka.

Nilipofika pale kulikuwa na foleni, na dada anayeuza ni mzuri wa sura. Nikashindwa kutaja mba. Nikasema kwa sauti ndogo, "Naomba dawa ya kichwa." Akanipa vidonge vya kichwa kuuma. Nikalipa, nikasema asante, nikaondoka. Wiki iliyofuata nikarudi, nikajikaza, nikasema, "Dawa ya kichwa, lakini siyo ile." Akanipa vidonge vya kichwa vya rangi nyingine. Mara ya tatu aliniangalia kwa huruma, akasogea karibu na dirisha. "Kaka, hicho kichwa kinauma ndani au nje?"

Nikavua kofia.

Sijui kwa nini nilivua. Nadhani kwa sababu aliuliza kama wewe, bila kukunja pua. Hakucheka. Akatazama, akauliza kama kuna sehemu nywele zimenyonyoka kwa mviringo, maana hayo yangekuwa mapunye, na mapunye yanataka vidonge vya hospitali. Hakuna. Usaha? Hakuna. Akasema basi ni mba, siyo uchafu, siyo laana, wala haimwambukizi mtu. Kuna kifangasi kidogo kinaishi kwenye kichwa cha kila mtu, hata chake yeye. Kwenye vichwa vingine ngozi haipatani nacho, ndiyo inababuka. Na uchovu na huzuni vinazidisha. Halafu akauliza, "Unapaka nini?"

"Mawese."

Akashika kiuno. "Kaka, hao wanakula mafuta. Wewe siku zote hizo huwafukuzi. Unawapikia!"

Bibi! Nilicheka pale dirishani mpaka machozi, na machozi yenyewe yakanigeukia katikati, sikujua tena nalia au nacheka. Watu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi wageni wetu tuliwapa mawese miaka kumi na tatu! Mimi na wewe, kila Jumamosi, tunawapashia moto kabisa! Wangeondoka waende wapi?

Usinikasirikie kwa kukuambia. Wewe ndiye uliyenifundisha kusema kitu kama kilivyo.

Akanionyesha chupa mbili. Moja ina picha ya mzungu nywele zinapepea, bei yake wiki nzima ya magunia. Akasema achana nayo, unalipia picha. Nyingine ndogo, chupa ya kawaida, shampuu ya ketokonazo, jina nimelinakili kutoka kwenye boksi. Hata hiyo kwangu ilikuwa nzito, lakini nilipomwambia Jofrey naye akavua kofia. Kumbe! Na fundi wa mashine naye. Watu watatu tunafichana miezi yote hii, kila mmoja anadhani kichwa chake ndicho kibaya Kibaoni nzima. Tukanunua chupa moja, na kwa kuwa nywele zetu ni fupi, mtu mmoja inamtosha kifuniko kimoja.

Namna yake ni hii, nakuandikia ili Shangazi akiisoma barua hii nyumbani watoto wasikie. Unalowesha kichwa kwa maji ya uvuguvugu. Unapaka kwenye ngozi, siyo juu juu ya nywele, unasugua kwa ncha za vidole, kucha hapana. Halafu unakaa nayo dakika tano, na hapo ndipo watu wengi wanaharibu, wanaosha palepale. Sisi tunasubiri gunia moja la mpunga lipite kwenye mashine. Watu watatu wenye povu tumepanga mstari, wateja wanauliza kama ni dini mpya. Kisha unasuuza mpaka maji yawe safi. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki nne. Siku nyingine sabuni ya kawaida ya kipande, hasa ukitoka kwenye vumbi. Kofia na taulo vinafuliwa na kuanikwa juani. Mawese yanarudi jikoni.

Wiki ya kwanza sikuona kitu, nikataka kumrudishia chupa yake. Ya pili kuwasha kukapungua. Ya tatu nililala usingizi mzima bila kujikuna. Leo ndiyo wiki ya nne imeisha, na punje ni mbili.

Sitakudanganya kwamba wamekwisha. Dada alisema hawa hawahami moja kwa moja, ukiwasahau wanarudi. Sasa naosha mara moja kwa wiki tu, na chupa ikiisha kuna sabuni ya salfa ya bei ndogo inayoweza kuwashikilia, japo akasema inakausha, nisizidishe. Na ikigoma kabisa niende kituo cha afya, nisirudi kwenye mafuta ya taa. Nimekubali. Mgeni akae, lakini alime.

Kuna jambo moja halijaniacha, na ndilo limenifanya nitafute kalamu.

Siku naondoka ulinisindikiza mpaka barabarani. Lori lilikuwa limeshawasha moto. Ukasema, "Vua kofia nikubariki." Pale barabarani kulikuwa na wasichana wawili wa sekondari na mikoba yao. Nikasema, "Nitavua nikirudi, Bibi." Ulinitazama. Ukaweka kiganja chako juu ya sufu, ukakibonyeza. "Haya, mume wangu. Namwomba Mungu apenyeze."

Alipenyeza, Bibi. Nimebeba magunia masika nzima sijavunjika mguu wala mgongo. Lakini kiganja chako sikukisikia, nilisikia kofia. Ningejua... Kwa wasichana wawili ambao hata majina yao siyajui.

Ndiyo maana naja hivi.

Kofia nimempa Jofrey aiweke chini ya gunia. Shati jeusi nimelifua, liko kwenye kamba. Nimenunua kidumu cha mawese kwa wafanyabiashara wanaotoka Karema, ni ya maharage ya siku ya kufunga msiba, hakuna kichwa kitakachoguswa nayo. Na chupa moja ya shampuu ya Shangazi, maana simu ile alikuwa anajikuna, nilisikia.

Masanja nimempigia mwenyewe. Nikamwambia anoe wembe vizuri. Akauliza, "Niandae sufuria?" Nikamwambia aandae, ila atasonga kwa unga wake. Halafu akasema kwa sauti ya chini, siyo ile ya utani, "Mkeo angefurahi." Na akiniinamia Jumamosi hii akakuta punje mbili zake, azitangaze. Nitakaa kwenye kigoda mpaka nywele ya mwisho. Sikimbii. Nataka watu wacheke msibani kwako kama walivyocheka kwa Babu, wewe ulipenda nyumba yenye kelele.

Nikishanyolewa, kabla sijala, nakuja kaburini peke yangu. Nitakaa chini, niinamishe kichwa pale kwenye udongo, wazi, jua linapiga, bila kitu juu yake. Nilisema nitavua nikirudi. Unibariki sasa.

Lala pema, mke wangu wa kwanza, uliyenipenda na unga wangu.

Ijumaa alfajiri napanda lori la mpunga mpaka Mpanda, nalala Ilembo, palepale mjini. Jumamosi saa nne asubuhi niko Kasekese.

Mumeo,
Yohana