Kifua cha Babu Kagwe

Baba Kagwe,

Uji uko kwa sufuria nyeusi, pasha tu. Mbuzi hajapewa maji. Nimempeleka mtoto Kitale kwa daktari, kifua kimeanza tena kulia kama filimbi. Usiogope, anacheka hapa mgongoni.

Lakini sikia ya leo! Si mama yako husema kila siku pumu imetoka kwetu, ati sisi ni watu wa vifua vibovu? Asubuhi amempapasa mtoto mgongo, akamwambia, "Pole, mume wangu. Hata zamani kifua chako kililia hivi hivi wakati wa kupukuchua mahindi, nikawa nakulaza umekaa." Unajua humwita mume kwa sababu ana jina la baba yako. Mara akajiziba mdomo. Mimi nikajifanya natafuta leso.

~~Mwambie aniombe msamaha.~~ Mpikie chai, tia sukari nyingi. Usimuulize kitu.

Na wewe unayekohoa kila ukitoka kwa mashine ya mahindi, kung'uta shati nje kabla ya kuingia. Daktari akiuliza mtoto ametoa wapi kifua hiki, nitamjibu kwa adabu: kilikuja pamoja na jina.

Mama Kagwe