Kwikwi ya Gari Njiani Kisarawe

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Mama yako ameniambia leo asubuhi kwamba umemzuia fundi huko Dodoma asibadilishe pampu ya mafuta mpaka uniulize. Nimefurahi mno. Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Visiga sote wazima.

Unauliza kwa nini gari letu linasita ukikanyaga mafuta, kisha linaruka. Lilinifanyia hivyo nikimpeleka kaka yangu Hamisi Kisarawe kuoa, na shehe keshafika.

"Dada, gari lina kwikwi, lipe maji!" alicheka. Kilima kilipotushinda, kicheko kikaisha. "Fungua kabureta!"

"Tulia, bwana harusi. Lilianza lini?"

"Tangu tuweke ile petroli ya dumu."

Petroli hiyo tuliichuja kwa kanga kuukuu. Nilifungua chujio la mafuta, nikakuta nyuzi za kanga zimeliziba. Nilipolisafisha tulipanda kilima bila kusita, na ndoa ikafungwa.

Kazi yangu ya uandishi wa habari ilinizoesha kuuliza kwanza kilichobadilika. Wewe umeuliza kabla ya kubadilisha chochote, bila kufundishwa.

Kesho fundi aanze na chujio. Jumamosi nakungoja hapa, wewe ukiwa kwenye usukani.

Bibi yako