Mstari Niliouacha Wazi

Mwanjelwa, Mbeya
Jumatano, 14 Januari

Mama yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa barazani Mlandege na chai yako ya tangawizi, na mvua haijaanza tena kuvuja upande wa stoo. Mama Clement bado anakuletea majani ya maboga akitoka Kilolo? Na bega lako la kushoto, lile ulilosema ulililalia vibaya, linaendeleaje? Hilo la bega naomba unijibu kwa ukweli. Huku tunaamka salama, na baridi nimeshaizoea.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati tunapigiana simu kila Ijumaa. Kwenye simu mimi huishia kusema ndiyo Mama, sawa Mama, kisha tunaagana na maneno yangu yote yamebaki mdomoni. Unanijua. Karatasi hainikatizi. Barua nimempa Shamsudin, dereva anayepeleka mchele wa Mama mdogo huko Iringa, na nimemwomba akukabidhi mkononi mwako, si kwa mtu mwingine. Najua utataka kuanza na ukurasa wa mwisho. Tafadhali usome kwa mpangilio, maana na mimi mambo haya yalinifikia kwa mpangilio. Nina hasira, Mama. Nitajitahidi kuiandika kwa adabu.

Mwanzoni mwa Desemba, muda mfupi baada ya kuja huku kumsaidia Mama mdogo dukani wakati nasubiri matokeo ya kidato cha nne, nilikuwa naoga nikagusa kitu kwenye titi la kulia. Kilikuwa kigumu kama punje ya harage, nikikibonyeza kinateleza. Nilikaa nacho siku nne bila kumwambia mtu. Siku ya tano nikamwambia Mama mdogo, huku macho yangu yakiwa kwenye ungo niliokuwa napepeta, maana usoni mwake nisingeweza kutazama. Aliacha kupima mchele, mteja akabaki ameshika mfuko mtupu. Mteja alipoondoka akasema ni uvimbe wa usichana tu, utapotea. Na kama hautapotea basi usubiri, kwa sababu Jumamosi ya tarehe ishirini na saba akina Rayyan wanatualika hotelini kupokea jibu la posa ya Shufaa, na msichana haonekani kwenye kliniki ya matiti wakati dada yake anaposwa. Alisema Mbeya hii ina macho kuliko madirisha.

Nilisubiri mpaka nikashindwa. Jumanne kabla ya hiyo Jumamosi nilimwambia naenda kununua vifungo vya gauni, nikaenda kliniki peke yangu. Nilipokelewa na muuguzi anaitwa Sista Lea, mama mnene mwenye utani, ambaye aliniambia nilegeze mkoba, hapo ndani hakuna kibaka. Akanipa fomu nijaze. Kulikuwa na mahali wanauliza kama katika ukoo yupo aliyewahi kuugua saratani ya matiti, na chini yake mistari minne: bibi, mama, mama mdogo au shangazi, dada. Nikaandika Hapana mara nne, kwa ule mwandiko wangu uliokuwa ukisifiwa shuleni. Walinipiga ultrasaundi, na daktari akasema kwa umri wangu, na kwa kuwa ukoo wangu ni safi, hakuna haraka ya kunichoma sindano ya kuchukua sampuli. Nirudi baada ya miezi mitatu. Nilitoka nikiwa mwepesi kama karatasi. Vifungo nilinunua kweli.

Sasa nikueleze chakula chenyewe, kwa sababu nitakuwa mwongo nikisema sikukifurahia. Hoteli ile ina mgahawa ghorofa ya juu kabisa, kuta zake ni za vioo, na kabla giza halijaingia tuliuona mlima Loleza umejifunika ukungu kama mtu mwenye blanketi. Vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe, na vile vya mikono vimekunjwa kama maua hata nikaogopa kukiharibu changu. Mhudumu wetu, Gideoni, aliniona nikihesabu uma kwa macho. Alipokuwa ananimiminia maji akaninong'oneza nianze na wa nje, nikikwama nimtazame Bwana harusi, naye kafundishwa dakika tano zilizopita. Nilicheka mpaka Shufaa akanikanyaga mguu. Tulikula supu ya uyoga, samaki wa Kyela waliopakwa nazi na ndimu, kuku wa kuchoma, na wali ambao Mama mdogo aliuonja akatikisa kichwa kwamba umechanganywa, si wa Kyela mtupu. Shufaa alivaa lile gauni la kijani ulilomtumia. Alipendeza, Mama. Nilisikitika kwamba mila haikukuruhusu kukaa meza moja na wakwe.

Gideoni alipokuja kuondoa sahani ndipo shangazi yake Rayyan, Bi Mwanakhamisi, akafuta midomo na kusema kwamba wamekula vizuri, lakini kuna neno dogo la kizamani limebaki. Akasema hata ng'ombe wa Usangu hanunuliwi bila kuuliza mama yake alikuwa na afya gani, sembuse mke. Watu wakacheka. Aliuliza kama kwetu kuna kifafa, wazimu, ukoma, au maradhi yoyote ya kurithi. Aliuliza kwa tabasamu, lakini mkono wake haukurudi kwenye glasi mpaka alipojibiwa.

Mjomba Muhidini, ambaye ndiye msemaji wetu tangu Baba afariki, alijiweka sawa kwenye kiti. Akasema kwetu watu hufa kwa uzee, na wapo waliokataa hata huo. Akasema ukoo wetu hauna doa, waulize Iringa nzima. Mama mdogo alicheka kuliko wote, akapiga na meza. Na mimi, Mama, nilijivuna. Nilikumbuka ile mistari minne nikaona nami nimejibu vilevile.

Katika kucheka huko pini ya mtandio wa Mama mdogo ilifyatuka. Akaninyanyua kwa jicho, nikamfuata chooni. Choo chenyewe ni kikubwa kuliko sebule yetu, sakafu inang'aa unaona uso wako. Alisimama mbele ya kioo, akafungua vifungo vya juu ili niishike pini kwa ndani, na nilipovuta kitambaa kitu kikaanguka kutoka kifuani mwake. Kilikuwa kifuko cha kitambaa cha rangi ya ngozi, kimeshonwa kwa mkono, nacho kilipogonga sakafu mshono ukaachia. Ukamwagika mchele.

Nilifikiri ni hirizi. Nikainama kuokota, na nilipoinua kichwa nikaona. Upande wa kushoto, Mama mdogo hana titi. Kuna kovu limepita kama mtaro kutoka kifuani mpaka kwapani.

Hakupiga kelele wala hakujifunika. Alipiga magoti na gauni lake la dhahabu, tukaanza kuokota mchele pamoja, punje moja moja, kwenye sakafu ile inayong'aa. Akaniambia huku anaokota. Kwamba miaka mitano iliyopita, iliposemekana amekwenda Dar es Salaam kutafuta wateja miezi minne, alikuwa hospitali, na wewe, uliyetuaga unakwenda kumsaidia biashara, ndiye uliyemuuguza. Kwamba Bibi hakufa kwa malaria. Bibi alikuwa na uvimbe kwenye titi, akaufunga kwa khanga miaka miwili ili mahari yako yasiingie dosari, na ulipokwisha kuolewa ndipo akaonyesha, na daktari akasema wangemleta mapema. Kwamba wewe, yeye na Mjomba mlikubaliana msituambie mpaka sote tuwe tumeolewa.

Nilimuuliza kwa nini basi aliniambia mimi nisubiri, yeye ambaye anajua kusubiri kunafanya nini. Aliokota mpaka kifuko kikajaa. Akasema alikuwa amepanga kunipeleka Jumatatu baada ya posa, na kwamba kila siku ya ile Desemba alikuwa anaihesabu, na hakuweza kunitazama nikipepeta. Alitaka tu Shufaa apate jioni moja ya furaha. Nilifunga mshono kwa pini ileile ya mtandio, nikamsaidia kukirudisha mahali pake, tukarudi mezani. Aiskrimu ilikuwa imefika. Niliila yote, Mama, na ilikuwa tamu, na niliona aibu kwamba ni tamu.

Sasa ndiyo hasira yenyewe. Utotoni kila nilipougua malaria nilikuwa nalala nikitetemeka kwa hofu kuliko homa, nikijua ndiyo iliyomuua Bibi. Mkaniacha niogope kisichokuwepo, na kilichokuwepo mkakificha. Mlinifundisha kusema kweli hata kwa mwenye duka aliyezidisha chenji. Kisha mkaniacha niende mbele ya daktari niandike uongo mara nne, nikidhani naandika kweli, na kwa uongo ule nikapewa miezi mitatu ya kungoja. Bibi alifunga khanga kwa ajili ya mahari yako. Mama mdogo amejaza mchele kwa ajili ya mahari ya Shufaa. Mimi nilikuwa nijaze nini, Mama, na kwa mahari ya nani?

Jumatatu nilirudi kliniki. Nilimwambia Sista Lea kwamba niliijaza fomu vibaya. Sikuweza kueleza, nikalia, naye hakufanya utani. Akatoa fomu ileile kwenye faili, nikakata Hapana ya bibi nikaandika Ndiyo, nikakata ya mama mdogo nikaandika Ndiyo. Daktari alipoiona akabadilisha maneno yake palepale. Nilichomwa sindano siku hiyohiyo, na sampuli ikapelekwa. Wiki mbili nilipima mchele dukani na kukosea vipimo. Mama mdogo hakunigombeza hata mara moja.

Majibu yametoka juzi. Si saratani, alhamdulillahi. Ni uvimbe wa kawaida unaowapata wasichana, kama Mama mdogo alivyosema kwa kubahatisha, ila nitakuwa nikipimwa kila baada ya miezi sita kwa sababu ya ukoo. Mama mdogo alilia kwenye daladala kuanzia kliniki mpaka Mwanjelwa, na abiria wote wakanipa pole wakidhani nimefiwa.

Lakini kuna jambo nimelifanya, na nataka ulisikie kwangu kabla Mjomba hajakupigia. Nimemwambia Shufaa yote. Shufaa alikaa siku moja bila kula, halafu akamwambia Rayyan. Mjomba amesema nimetia mchanga kitumbua cha watu, na kwamba mtu mkimya akifungua mdomo hutoa nyoka. Bi Mwanakhamisi ametuma neno kuwa tarehe ya nikaha isogezwe mbele mpaka watafakari. Rayyan yeye alikuja dukani, akakaa juu ya gunia, akasema kwao wana kisukari kutoka kwa babu mpaka kwa shangazi mwenyewe, na jioni ile shangazi alimaliza bakuli mbili za aiskrimu bila mtu kuuliza ukoo. Barua ya posa haijarudishwa. Ikirudishwa nitakuwa nimeirudisha mimi, na nimemwambia Shufaa hivyo. Alinijibu kwamba bora irudi barua sasa kuliko yeye kurudishwa baadaye kwa sababu ya titi.

Sijamaliza. Siku ile nilipoisahihisha fomu, Sista Lea aliweka kidole kwenye mstari wa pili akauliza, na mama yako je? Nikafungua mdomo kusema hapana, nikashindwa. Nilikumbuka kwamba tangu Ramadhani unabeba ndoo kwa mkono wa kulia tu. Nilikumbuka siku naondoka Iringa nilipokukumbatia kituoni, uligeuza upande, ukasema bega. Nilikumbuka umeanza kuoga umefunga mlango kwa komeo, wakati zamani tulikuwa tukisuguana mgongo. Nikaikata ile Hapana, na sikuandika kitu mahali pake. Sista Lea akasema niuache mstari wazi, mwenyewe aje aseme.

Ndani ya bahasha hii kuna tiketi ya basi, Jumatatu asubuhi, kiti cha dirishani. Jumanne saa tatu umeandikiwa, jina lako lipo kwenye daftari la Sista Lea, nami nitakuwa nimekaa pembeni yako. Kama ni bega tu, nitakuomba radhi kwa magoti na utanisema upendavyo. Sitakaa kimya ili nionekane nina adabu. Nilikuwa na adabu wiki tatu za Desemba, na ilikuwa nusura inigharimu.

Mama mdogo anakusalimu. Anasema ulikaa naye miezi minne, na yeye atakaa nawe kwa muda wowote. Shufaa anakusalimu na anauliza kama gauni la kijani alitunze au aligawe. Nisalimie Mama Clement na wote wa Mlandege wanaoniulizia. Mungu akulinde njiani, na usibebe mzigo wowote kwa mkono wa kushoto.

Mimi mwanao anayekupenda,
Nasrin