Kidole na Cherehani

Mjukuu wangu, mke mwenzangu Zuhura,

Hapa La Rochelle, huku kusini mwa Afrika, tu wazima, ila baridi inanitafuna magoti. Shangazi yako amefungua spaza, kiduka cha nyumbani, anauza mpaka vitumbua.

Umeniuliza kama ni kweli alivyosema mwalimu wenu huko Amerika, eti watumwa wa zamani walitunzwa vizuri kwa sababu walinunuliwa ghali, na hakuna mtu anayeharibu mali yake. Eish! Hasira zimenipanda hadi chai imepoa mbele yangu.

Nilipotoka Tanga kuja mji huu, nilishona katika karakana ya mzee mmoja aliyependa cherehani zake kama mboni ya jicho. Asubuhi alizitia mafuta, jioni alizifunika kwa shuka safi. Siku moja sindano ikanitoboa kidole, damu ikatapakaa. Mzee akaja mbio. Nikadhani anakuja kwangu. Akaifuta cherehani kwanza, akauliza, "Sindano imevunjika?"

Huko ndiko kutunza mali. Lakini mimi jioni ile nilivua aproni, nikaondoka, sikurudi. Wale watumwa wa mashamba ya tumbaku na pamba wangekwenda wapi? Walichapwa ili mavuno yaongezeke, na tajiri akibanwa na madeni, aliuza mama huku, mtoto kule.

Usimtukane mwalimu, ni mkubwa wako. Nyoosha mkono tu, umuulize kwa adabu: yule mama aliyetunzwa vizuri alipojifungua, mtoto alikuwa mali ya nani?

Bibi yako, mwenye kovu kidoleni